Kutoka Chungu cha Kimpumu hadi Sanduku la Kakao

  Leo hatuzungumzii palizi wala kupogoa. Leo ni historia. Lakini msiondoke, maana historia hii ina fedha ndani yake, na fedha yenyewe ni yenu.

Tuanze na swali. Wakulima wawili ni majirani. Mikakao yao ni ya mbegu moja, mvua waliyopata ni moja, na wamechuma wiki moja. Wanapofikisha magunia yao ghalani, mkaguzi anachukua punje chache na kuzipasua kwa kisu. Punje za yule wa kwanza ndani ni za rangi ya kahawia, zina mipasuko, na harufu yake ni nzuri. Za yule wa pili ndani ni zambarau, na nyingine ni za kijivu, zimeshikana kama jiwe la kunolea visu. Mti ni ule ule, ardhi ni ile ile. Sasa tofauti imetoka wapi?

Imetoka katika siku sita. Siku hizo sita kakao haiko tena mtini, wala bado haijafika juani. Iko chini ya majani ya migomba au ndani ya sanduku, na wanaoifanyia kazi ni viumbe wadogo mno tusiowaona kwa macho. Wataalamu huwaita vijidudu: wako hamira, wako bakteria. Watu wengi wakisikia neno hili hufikiria ugonjwa tu. Ni kweli wako vijidudu wa maradhi. Lakini wako wengine ambao ni vibarua wetu tangu zama za mababu, na hawajadai mshahara hata siku moja. Hao ndio tunaowazungumzia leo.

KABLA YA KAKAO

Bonde letu la Kyela liko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Mwaka 1879 alifika huku msafiri kutoka Uskoti, jina lake Joseph Thomson. Alipofika kaskazini mwa Ziwa Nyasa aliisifu sana nchi hii, hasa migomba yake na usafi wa nyumba zake. Mkakao haukuwa sehemu ya kilimo cha bonde hili wakati huo. Lakini ndani ya nyumba zile mlikuwa na elimu ambayo mkakao ungekuja kuihitaji. Elimu hiyo ilikuwa ndani ya vyombo.

Chombo cha kwanza ni kibuyu cha maziwa. Mfugaji wa zamani hakuhitaji kununua dawa ya kugandisha. Alimimina maziwa mabichi ndani ya kibuyu kilichobaki na mgando kidogo wa jana, akafunika, akaacha. Kesho yake maziwa yameganda na yamekuwa machachu. Kile kidogo cha jana kilikuwa mbegu. Ndani yake mna bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kuigeuza kuwa asidi. Uchachu huo huzuia vijidudu wengi wa kuozesha, ndiyo maana mgando hukaa muda ambao maziwa mabichi hayawezi kukaa.

Chombo cha pili ni chungu cha pombe. Kwa Kinyakyusa pombe ni ubwalwa, na ile ya ulezi inayojulikana sana huku ni kimpumu. Akina mama wanaijua kazi yake. Ulezi hulowekwa, ukatolewa majini, ukafunikwa mpaka uote vichipukizi, kisha ukaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Unga hupikwa, huchanganywa na kimea, na huachwa uchachuke. Ikifika siku ya kunywa, maji ya moto humiminwa chunguni, na wazee hukizunguka kila mmoja na mrija wake.

Hebu tutazame kilichofanyika hapo. Ulezi una wanga, na hamira hawawezi kula wanga moja kwa moja. Mbegu inapoota, hutoa vimeng'enya vinavyoukata wanga na kuufanya sukari, ili mche mchanga upate chakula. Mama wa pombe huikatiza mbegu njiani. Anachukua sukari ile kabla mche haujaila, anawapa hamira, nao hamira wanaigeuza kuwa kileo. Kwa lugha ya shuleni hiyo ni kemia. Kwa lugha ya nyumbani ni kazi ya wiki moja, na atakayekosea siku moja pombe yake inakuwa siki.

Chombo cha tatu ni kile kinachovibeba vyote, yaani chungu chenyewe. Wanawake wa Kisi, kule Ikombe na chini ya milima ya Livingstone, ni mafundi mashuhuri wa ufinyanzi. Vyungu vyao vimesafirishwa kwa mitumbwi kando ya ziwa, na hadi leo soko la Matema lina sifa kwa ajili yao. Chungu cha udongo kina vitundu vidogo sana. Hamira wa pombe ya mwezi uliopita hujificha humo wakingojea pombe ya mwezi huu. Ndiyo maana mpishi wa pombe ana chungu chake anachokiamini, na hapendi kukiazimisha ovyo.

Tusisahau togwa, inayonywewa na watoto na wakubwa katika nyanda zetu za kusini. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania na wenzao wa Sweden walifanya uchunguzi huko Ilula, mkoani Iringa. Waliona kwamba watoto waliokunywa togwa iliyochachushwa walikuwa na vijidudu wa kuharisha kwa uchache kuliko wale waliokunywa uji wa kawaida. Basi bibi aliyempa mjukuu togwa hakuwa mshamba. Alikuwa anamkinga, ingawa hakuwahi kuwaona hao aliokuwa akimkinga nao.

WAZUNGU WALICHELEWA KUJUA

Msidhani kwamba wenzetu wa Ulaya walikuwa wanajua siri hii siku zote. Walitengeneza mvinyo, mkate na jibini kwa maelfu ya miaka bila kujua ni nani anayefanya kazi. Mwaka 1680 Mholanzi mmoja, Antonie van Leeuwenhoek, aliitazama hamira ya bia kwa hadubini aliyojitengenezea mwenyewe, akaona vidonge vidogo vya mviringo. Lakini hakutambua kwamba vidonge vile ni viumbe hai.

Ilibidi wangoje hadi katikati ya karne ya 19. Mfaransa Louis Pasteur alifuatwa na watu waliokuwa na shida katika viwanda vya kileo mjini Lille: mapipa mengine yalitoa kileo kizuri, mengine yaligeuka machachu. Mwaka 1857 alitoa maelezo yake. Alisema uchachu wa maziwa ni kazi ya viumbe hai, na kileo nacho ni kazi ya viumbe hai wengine. Baadaye, katika miaka ya 1860, alionyesha kwamba hata siki ina viumbe wake, nao wanahitaji hewa ili kugeuza kileo kuwa siki. Wasikilizaji, maneno haya matatu yashikeni vizuri: kileo, uchachu, na siki inayohitaji hewa. Tutayakuta tena ndani ya sanduku la kakao.

KAKAO ILIKOTOKA

Mkakao ni mti wa Amerika. Kule Ekwado, mahali panapoitwa Santa Ana-La Florida, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta vyombo vyenye masalia ya kakao vya miaka kama 5,300 iliyopita. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2018.

Lakini habari inayotugusa zaidi ni ya Hondurasi, katika kijiji cha kale cha Puerto Escondido. Mwaka 2007 wataalamu walieleza kwamba walipima vyungu vya huko vya miaka kama 3,000 iliyopita, wakakuta alama za kakao. Walipotazama umbo la vyungu vile vya kale kabisa, wenye shingo nyembamba, walifikia wazo hili: huenda watu wale hawakuanza kwa kunywa chokoleti ya punje. Huenda walianza kwa kunywa pombe iliyotengenezwa kwa ule ute mweupe mtamu unaozunguka punje. Punje zilikuwa zinabaki tu, kama machicha. Kisha siku moja mtu akazikausha, akazikaanga, akazisaga, akaona kumbe zina ladha ya ajabu.

Mnaona, ndugu zangu? Kama wataalamu hao wako sahihi, basi chokoleti ni mtoto wa chungu cha pombe. Bila uchachushaji ule wa ute, punje zisingepata ladha, na wala hapangekuwapo mtu wa kuzitamani.

Wahispania walipoivamia Meksiko mwaka 1519 walikuta punje za kakao zinatumika hata kama fedha. Wakaipeleka Ulaya. Ikawa kinywaji cha matajiri, kisha viwanda vikaingia. Mwaka 1828 Mholanzi van Houten alipata hati ya mashine ya kukamua mafuta ya kakao. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Uingereza ilitengeneza chokoleti ya kutafuna. Watu wengi zaidi wakaitaka, na mashamba zaidi yakahitajika.

Sasa turudi kwenye mwaka ule wa 1879. Mwaka huo Thomson alipokuwa akiitazama migomba yetu, kule Uswisi mtu aitwaye Rodolphe Lindt alibuni mashine ya kuisugua chokoleti kwa muda mrefu hadi ikalainika kama siagi. Na katika mwaka huo huo, kama inavyoelezwa na wengi, mhunzi wa Kiafrika aitwaye Tetteh Quarshie alipanda mbegu za kakao huko Mampong, katika nchi tunayoiita leo Ghana, baada ya kuzitoa kisiwa cha Fernando Po. Ilipofika mwaka 1911, nchi hiyo ilikuwa ya kwanza duniani kwa kutoa kakao, tena mashamba yake yalikuwa ya wakulima wadogo kama ninyi.

Wakulima wa Ghana walijenga jina kwa jambo gani? Waliizoea kazi ya lundo. Hulaza majani ya migomba chini, hulundika punje mbichi juu yake, hufunika kwa majani mengine, hugeuza, na hungoja kama siku sita. Hakuna mashine hapo. Ni migomba, mikono na subira.

Kwetu Tanganyika, Wajerumani waliijaribu mimea mingi ya kigeni, na kituo chao cha utafiti cha Amani, huko Usambara, kilianzishwa mwaka 1902. Hapa Kyela kakao ilienea hasa baada ya Uhuru. Iliona joto, mvua na kivuli cha migomba, ikakubali kukaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka wilaya hii, na iliyobaki hutoka Rungwe, Busokelo, Morogoro na Tanga.

Lakini mgeni huyu alikuja na upungufu mmoja. Mti ulifika, chokoleti haikufika. Mkulima alipanda zao ambalo hakulila nyumbani. Mchele wa Kyela ukipikwa vibaya, mwenye nyumba anajua jioni ile ile. Kakao ikivundikwa vibaya, anayejua ni mtu wa kiwandani ng'ambo ya bahari. Ndiyo maana wengine walidhani kuvundika ni usumbufu wa mnunuzi tu, wakakausha punje mara baada ya kuzitoa ndani ya tunda, au wakaziuza mbichi njiani.

WATAALAMU WACHUNGULIA SANDUKUNI

Hata wataalamu walichukua muda. Mwaka 1901 Mjerumani Axel Preyer alieleza hamira aliyoikuta katika kakao inayochachuka huko Ceylon, nchi inayoitwa sasa Sri Lanka. Mwaka 1937 Mwingereza A. W. Knapp alitoa kitabu kizima juu ya kuvundika kakao. Mwaka 1965 mtaalamu wa Trinidad, V. C. Quesnel, alionyesha kwamba kinachoiua punje ndani ya sanduku ni hasa asidi ya siki.

Kuiua? Ndiyo, kuiua. Punje ya kakao ni mbegu hai. Ikiwa hai, vitu vyake vya ndani vimefungiwa kila kimoja chumba chake. Ikifa kwa joto na asidi, kuta za vyumba hivyo huvunjika, vitu vinachanganyika, ukali na uchungu hupungua, rangi ya zambarau hugeuka kahawia, na hapo ndipo msingi wa ladha ya chokoleti unapowekwa. Kikaango cha kiwandani huja kumalizia tu. Kama msingi haukuwekwa Kyela, hakuna kiwanda cha Uswisi wala cha Marekani kitakachouweka.

Sasa tuzifuate siku sita zenyewe.

Siku ya kwanza na ya pili ni za hamira. Ute mweupe umejaa sukari, na ndani ya lundo hewa ni chache. Hamira wanakula sukari na kutoa kileo, kama chunguni. Ute unayeyuka na maji yake yanachuruzika. Bakteria wa uchachu, ndugu wa wale wa kibuyu cha maziwa, nao wanafanya kazi yao. Ukisogea karibu utasikia harufu ya pombe.

Baada ya saa 48 unageuza. Kwa nini ugeuze? Ili uingize hewa. Kumbukeni Pasteur: siki inataka hewa. Bakteria wa siki wanaamka, wanakichukua kile kileo na kukifanya asidi, na kazi yao hutoa joto jingi. Lundo zuri hufika nyuzi joto 45 hadi 50 za sentigredi. Ukitia mkono utautoa upesi. Harufu ya pombe inageuka kuwa harufu kali ya siki. Asidi na joto vinapenya ndani ya punje, na punje inakufa.

Geuza tena siku ya nne, na siku ya tano au ya sita pasua punje chache uzitazame. Rangi ya kahawia ikianza pembeni na maji ya zambarau yakitoka, peleka juani. Usizidishe. Lundo likiachwa mno, bakteria wa kuozesha na ukungu hushika zamu, na harufu ya siki hugeuka uvundo.

Na hamira hao wote wametoka wapi? Hakuna aliyewanunua dukani. Wametoka kwenye ngozi ya tunda, kwenye mikono, kwenye majani ya migomba, kwenye mbao za sanduku, na hata kwenye vile vinzi vidogo vinavyoruka juu ya ndizi mbivu. Sanduku la kakao linalotumika kila msimu ni sawa na chungu cha Mkisi: limekwisha kuwa na watu wake.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu wakulima, historia hiyo inatufundisha mambo machache ambayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, chuma matunda yaliyoiva tu. Tunda bichi lina sukari kidogo, na hamira hawatapata chakula. Tunda lililooza au kuliwa na wadudu litenge. Usichanganye punje za leo na za juzi katika lundo moja, maana hizi zitakuwa zimekufa wakati zile bado hai.

La pili, lundo lisiwe dogo mno. Kilo kumi peke yake hazipati joto, sawa na kuni moja isivyoivisha maharage. Ukiwa na chini ya kilo 50 hivi, ungana na jirani. Hapa ndipo ushirika unapokuwa kitu cha kushikika kwa mkono.

La tatu, tumia majani ya migomba, kikapu, au sanduku la mbao lenye matundu chini ili maji yachuruzike. Usitumie chombo cha chuma, maana asidi hukila na kuharibu kakao. Mfuko wa plastiki uliofungwa nao haufai. Huzuia hewa, na bila hewa siki haiji.

La nne, anika mara moja, juu ya kichanja au jamvi, mbali na vumbi na mbuzi. Geuza mara kwa mara. Mvua ya Kyela haina simu, basi turubai liwe karibu. Usikaushe kwa moshi wa jiko, maana harufu ya moshi haitoki tena. Kakao ihifadhiwe ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 8. Ukikamata konzi na kuibana, isikike ikivunjika.

La tano, jipime mwenyewe kabla ya kupimwa. Viwango vya kimataifa hukata punje 300. Kwa daraja la kwanza, zenye ukungu zisizidi asilimia 3, na zile za kijivu kama jiwe zisizidi asilimia 3. Wewe nyumbani kata hata 50. Kisu kitakwambia ukweli kabla ya mkaguzi.

MBICHI NA MBIVU

Wapo watakaosema, "Bwana, mimi nina shida leo. Mnunuzi yuko barabarani anataka mbichi. Nisubiri siku sita, kisha wiki nzima ya kuanika, kwa faida gani?"

Shida tunaielewa. Ada ya shule haingoji lundo lipate joto. Lakini fanya hesabu. Kilo 100 za mbichi hutoa kilo 35 hadi 40 za kavu. Anayenunua mbichi anaijua hesabu hiyo, na bei yake ameipanga akiijua. Anachonunua kwako ni punje pamoja na siku zako sita, lakini siku hizo sita hazilipii. Tena kakao ya wengi ikichanganywa kwenye gunia moja, iliyovundikwa na isiyovundikwa, jina linaloharibika ni la wilaya nzima.

Wako waliokwisha kuona thamani ya siku hizo. Huko Mbingu, Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili ilianza mwaka 2013 kununua kakao mbichi kwa wakulima na kuivundika pamoja mahali pamoja. Kakao hiyo imenunuliwa na watengenezaji wa chokoleti wa mbali, wakiwemo Dandelion wa San Francisco, wanaoandika jina la mahali juu ya karatasi ya chokoleti yao. Fundisho hapo ni moja: biashara yenyewe ni ile ya kuvundika. Kama mgeni anaweza kuishi kwa kazi hiyo, kikundi cha wakulima kumi chenye masanduku yake kinaweza pia.

Na bei ya dunia haina adabu. Mwaka 2024 mavuno yalipokuwa mabaya huko Afrika Magharibi, kwa magonjwa na hali ya hewa, bei New York ilipanda hadi kupita dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba. Mwaka 2025 ikateremka sana. Bei ikiwa juu, hata kakao mbovu hupata mnunuzi. Ikishuka, mnunuzi huchagua, na hapo iliyovundikwa vizuri ndiyo inayotazamwa kwanza mnadani. Hatuwezi kuamuru mvua ya Ghana wala soko la New York. Lundo lililo nyuma ya nyumba tunaweza kuliamuru.

NANI MTAALAMU NYUMBANI?

Tunamalizia na neno moja kwa akina baba. Katika nyumba nyingi kakao ni mali ya baba, na pombe na maziwa ni kazi ya mama. Baba anapotaka kujua kama lundo limeiva, anangoja bwana shamba apite, ambaye ana vijiji vingi na pikipiki moja. Na ndani ya nyumba yumo mtu ambaye kwa miaka 20 amejua kwa pua yake pombe inapogeuka siki. Amejua kwa mkono wake joto la kimea. Amejua kwamba chungu kikifunuliwa mapema kazi imeharibika. Ujuzi anaoutafuta baba uko jikoni kwake, tena bure.

Basi muite. Muonyeshe lundo. Mwambie, "Mama, hii ni pombe siku mbili za kwanza, halafu tunataka iwe siki. Wewe unasemaje?" Na fedha ikija, akumbukwe kwa kazi hiyo, kwa sababu siku sita zile zilikuwa na fundi wake.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wazee, nao walikuwa wanaijua kazi ya kuvundika ndizi. Kakao ni mgeni, lakini wale vibarua wadogo wanaoitengeneza ni wenyeji wa bonde hili. Walikuwa kwenye kibuyu, walikuwa kwenye chungu, na sasa wako kwenye sanduku wakingoja wafunikwe vizuri.

Ndugu wakulima, hadi hapo ndipo tunapofikia mwisho wa kipindi chetu cha leo. Mwenye shaka amwone afisa ugani wa kata yake au viongozi wa chama chake cha msingi. Kazi njema, na kwaherini.